Siku Shazli Alipomuuza Mzee

Shazli hajui kukaa. Hilo mtu yeyote wa Gurna, kijiji chetu chini ya mlima wa makaburi ya mafarao, atakwambia kabla hujamaliza kuuliza nyumba yake iko wapi. Msibani wenzake wamekunja miguu kwenye mkeka, yeye ameshazunguka hema mara tatu, amepanga viatu vya watu, ameuliza nani anachemsha kahawa. Kwa kinyozi hunyolewa upande mmoja, akasimama kuchungulia barabarani, ndipo akarudi kunyolewa upande wa pili. Mkewe, Nagat, husema siku atakapokufa itabidi wamfunge kamba kwenye jeneza, asije akashuka njiani kulisalimia basi la watalii.

Na kweli ni mabasi yaliyomharibu. Tangu ana miaka tisa anayafukuzia, na sasa ana hamsini na nne.

Shemeji yake ana duka la vyungu vya jiwe la alabasta pale barabarani. Mbele ya duka wanakaa wanaume wanne chini: mmoja anatoboa jiwe kwa keke ya mkono, mmoja anasugua kwa tupa, mmoja anapaka nta, wa nne anaimba. Watalii wanapiga picha mpaka simu zinapata moto. Vyungu vya kuuza vyenyewe vimeletwa na lori kutoka kiwandani, ila hilo si jambo la kumwambia mgeni aliyetoka mbali. Shazli aliwahi kupewa kazi ya kuimba. Siku ya tatu akaanza kuimba huku anatembea, watalii wakamfuata hivyo hivyo mpaka nje, wakapanda basi wakaondoka. Shemeji akamwambia, "Ndugu yangu, wewe tafuta kazi ya barabarani."

Kazi ya barabarani akaipata, na kwa kazi hiyo akapewa jina: Shazli Mnong'ono. Alimngoja mtalii aliyekataa kila kitu dukani, yule anayetoka amebana mkoba kwapani. Akatembea naye hatua kumi kimya, kama mnakwenda kuzika pamoja. Halafu kutoka kwenye mkono wa kanzu kikatoka kifurushi cha gazeti, na ndani yake mtu mdogo wa jiwe, urefu wa kiganja, amekunja mikono kifuani kama anayengoja foleni ya mkate. Kisha mnong'ono:

"Bibi, hiki si cha dukani. Babu yangu alikikuta chini ya nyumba yetu ya zamani, kule mlimani. Singekitoa, ila nina binti anateseka. Na uwanja wa ndege ukifiche, wakikiona mimi na wewe tumekwisha."

Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli. Bidhaa tu ndiyo ilikuwa ya uongo.

Bidhaa aliichonga mwenyewe kwa jiwe la chokaa. Nagat akaichemsha kwenye chai ya rangi, akaifukia wiki tatu kwenye zizi la mbuzi, mwisho akaiingiza tanurini mikate ikishatoka. Ikitoka hapo ina miaka elfu tatu na ushei.

Lakini watu hao wadogo wa jiwe wote walikuwa na babu yao. Yule aliyeokotwa chini ya nyumba yupo, si hadithi. Nyumbani kwa Shazli wanamwita Mzee, na wengine wote ni wajukuu, wamechongwa kwa kumtazama yeye. Serikali ilipotuhamisha mlimani, kwa kuwa nyumba zetu zilikaa juu ya makaburi ya kale, watu walibeba milango, mafriji, hata madirisha. Nagat alibeba donge la unga wa mkate kwenye beseni, na Mzee alikuwa ndani ya donge. Wakaguzi walifungua kila sanduku wakitafuta vitu vya kale. Donge hawakuligusa.

Nagat hakumwokoa Mzee kwa ajili ya kuuza. Wanawake wa Gurna wanajua: mke asiyepata mtoto huja Ijumaa baada ya swala, Mzee analazwa sakafuni, mwanamke anamruka mara saba bila kufungua mdomo, anakwenda zake. Wanaume hawaingii. Nagat mwenyewe alimruka akiwa na miaka kumi na tisa, akampata Saadiya, mtoto wao wa pekee.

Sasa Saadiya ameolewa mji wa Esna, mwaka wa sita huu, na kitanda cha mtoto hakuna. Yeye ni mwalimu wa sayansi. Mama yake akimtajia habari za Mzee, alikuwa anacheka. "Mama, lile ni jiwe." Lakini mwezi ule mama mkwe wake alianza kuongea mezani, kwa sauti ya kusikika, kuhusu binti fulani wa jirani mwenye nyonga pana. Jumatano Saadiya akapiga simu. Hakucheka. Alisema, "Mama, nakuja Ijumaa," akakata.

Haya. Shazli ana desturi yake moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Mjukuu mpya, kabla ya kwenda kuuzwa, lazima alale usiku mmoja na Mzee kwenye shubaka la ukutani, ili amwambukize heshima. Kila mmoja kwenye gazeti lake. Alhamisi asubuhi, huku anatafuna bajia ya maharage, anavaa kiatu, anasikiliza kama basi limeshafika kona, vyote kwa pamoja, akanyoosha mkono shubakani akachukua kifurushi. Akachukua cha kushoto.

Saa mbili alikuwa ameshauza.

Mnunuzi alikuwa bibi wa Kijerumani, Gudrun jina lake, kofia pana kama sinia, miguu ya mtu aliyezoea kusimama. Hakubishana bei. Alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza kile kitu mara mbili, akatoa noti ya yuro ishirini. Shazli akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaichomeka ndani ya kilemba.

"Kwa nini unaibusu?" Gudrun aliuliza.

"Noti ya ufunguzi, Bibi. Ya kwanza ya siku. Hii haitumiki, haibadilishwi, hairudishwi mpaka jua lizame. Anayeitoa amejifungia mlango mwenyewe."

"Mlango gani?"

"Wa riziki. Msimu mzima."

"Na meli yangu inaondoka saa kumi," Gudrun alisema, kama anayeongeza habari yake kwenye habari ya mwenzake. Akapanda basi.

Adhuhuri Shazli akarudi kula. Hajafika mlangoni akaitwa.

"Shazli! Njoo unuse."

Nagat alikuwa amesimama mbele ya shubaka na kifurushi mkononi. Alikuwa amekuja kumtoa Mzee ampanguse kwa ajili ya kesho.

"Ninuse nini, mke wangu? Nina njaa."

"Nusa."

Akanusa.

"Unasikia nini?"

"Mbuzi."

"Mzee ana miaka mingapi nyumbani kwetu?"

"Tangu enzi za babu."

"Amewahi kulala zizini?"

 Shazli alivua kilemba, akakivaa. Akafungua gazeti, akafunga. Akaenda mlangoni, akarudi, akaingia jikoni, akatoka na kipande cha mkate ambacho hakukila.

"Umemuuza," Nagat alisema.

"Sijamuuza. Amechanganyika."

"Umemuuza Mzee! Kwa nani?"

"Kwa Bibi mmoja. Mtu mzuri."

"Binti yako anakuja kesho, ameshameza aibu yake yote mpaka ikamtosha, na wewe umempa Mzee bibi wa basi!" Nagat hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Shazli zaidi. "Chukua huyu wa mbuzi. Nenda. Na usinirudie na maneno, maana maneno unayo ya kutosha. Nirudie na Mzee."

Meli za watalii hufunga ng'ambo ya mto, na kwenye kivuko watu hukaa. Shazli alitembea. Alikwenda kichwani mwa kivuko, akarudi mkiani, mpaka mama mmoja mwenye bata wawili kapuni akamwambia, "Ami, ukifika kabla yetu utusalimie." Aliwaza, kwa nini asirudi tu na mjukuu, amsugue kwa limau, aondoe harufu? Saadiya angejuaje? Amedanganya maprofesa, amedanganya padri mmoja wa Kifaransa, amedanganya hata mtu wa makumbusho aliyejifanya mtalii. Mtoto wake mwenyewe ndiye angemshinda? Akalitazama wazo hilo kwa muda, akaona limekamilika, halina ufa. Ndipo akamwona Saadiya ananyanyua gauni kidogo, anaruka kitu kilichotoka kwa mbuzi, anahesabu kimyakimya mpaka saba. Akatembea tena mpaka kichwani.

Saa tisa na nusu akafika gatini. Gudrun alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na ngazi ya meli, anakunywa maji ya miwa. Kumzunguka, kama kawaida, wauzaji wa upande ule, na mbele yao Badawi wa mitandio, ambaye kwa miaka ishirini yeye na Shazli wananyang'anyana wateja.

"Mnong'ono!" Badawi alipaza sauti. "Huku kuna nini? Kwenu mmemaliza kuwaibia walio hai mmekuja kunong'oneza meli?"

"Niache leo, Badawi."

"Leo ndiyo sikuachi. Huyu Bibi ni wa mitandio, nimemwona kwanza."

Gudrun akamwona Shazli, akanyanyua glasi. "Ah! Mjukuu wa babu!"

Shazli akachuchumaa mbele yake, akasimama, akachuchumaa tena. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo halikuwahi kumpata. Anajua Kijerumani, Kifaransa, Kitaliano, Kihispania na Kirusi kidogo, lakini lugha zote hizo alijifunza za kuuza. Ya kuomba kitu kirudi hakuwa na hata moja.

"Bibi," alisema, "kile kitu cha asubuhi ni cha uongo."

"Najua," Gudrun alisema.

"Unajua?"

"Nimekagua tiketi za treni miaka thelathini na minane. Mtu akifungua mdomo tu, najua kama amelipa nauli. Ulisimulia vizuri, nikalipia hadithi. Kitakaa vizuri juu ya redio yangu nyumbani."

Badawi, anayejua Kijerumani kama Shazli, akapiga paja. "Umekamatika!"

Shazli akatoa mjukuu kutoka kwenye mkono wa kanzu. "Basi tubadilishane. Huyu ni mzuri zaidi. Tazama pua."

Gudrun akamtoa Mzee mkobani, akawaweka wawili magotini, akawalinganisha kama pasipoti. "Hapana. Huyu wako ana uso wa mtu anayeumwa jino. Wangu ametulia."

Ametulia! Shazli alitaka kumwambia kwamba ametulia kwa sababu amekaa miaka elfu tatu kweli. Akatazama huku na huku, akamwinamia, akaona hakuna njia ila kusema ukweli.

"Bibi, nisikilize. Huyo si wa dukani. Babu yangu alimkuta..."

"Chini ya nyumba," Gudrun alisema.

"Chini ya nyumba! Kule..."

"Kule mlimani." Sasa alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Wallahi. Singerudi, ila nina binti..."

"Anateseka."

"Anateseka kweli! Anakuja kesho! Na wewe uwanja wa ndege wakikuona naye..."

"Mimi na wewe tumekwisha!" Gudrun alicheka mpaka kofia ikamwangukia machoni. "Bwana wangu, asubuhi ulisema vizuri zaidi. Sasa hivi unatweta."

 Ukweli wote ambao Shazli alikuwa nao duniani alikuwa ameshautumia saa mbili asubuhi, kwa bei ya jiwe la chokaa. Hakubakiwa na hata neno moja jipya.

Meli ikapiga honi. Gudrun akamrudisha Mzee mkobani, akafunga zipu, akasimama.

Shazli akamfuata hatua mbili. Mikono yake ndiyo iliyoanza. Ikapanda kichwani, ikafungua kilemba zunguko moja, la pili, kitambaa kikamwangukia begani, na kutoka kwenye mkunjo wa mwisho ikatoka ile noti ya ishirini, imekunjwa mara nne kama ilivyoingia. Akainyoosha. Akamtolea Gudrun kwa mikono miwili.

Mauzo yote ya gati yakasimama. Muuza karanga alishusha sinia. Dereva wa gari la farasi akasema, "Astaghfirullah," akageukia upande wa pili. Na Badawi, Badawi huyu huyu wa miaka ishirini, akatupa mitandio yake chini na kumshika Shazli mkono.

"Una wazimu? Ni ya ufunguzi hiyo?"

"Ndiyo."

"Na jua liko pale juu unaliona?"

"Naliona."

"Irudishe kichwani! Mwanaume, una nyumba, una mke!" Badawi akaingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa noti zilizojikunja, paundi na yuro na vikaratasi. "Bibi, chukua hizi. Chukua zangu. Usipokee ile. Mpe anachotaka uchukue zangu."

"Lazima iwe hii," Shazli alisema taratibu. "Nyingine hataniamini."

Gudrun hakuwa anamtazama Shazli. Alikuwa anamtazama Badawi, jinsi midomo ilivyomkauka, na mitandio ya hariri iliyokanyagwa na farasi bila mtu kujali. Akamtazama muuza karanga. Akamtazama dereva aliyegeuka, ambaye bado hajageuka kurudi. Wakaguzi wa tiketi wana jicho lao.

"Abiria wasio na tiketi wamenililia," alisema mwishowe. "Wamenifia bibi zao, mama zao, bibi mmoja alikufa mara tatu kwenye njia ile ile. Lakini miaka thelathini na minane hakuna aliyenipa hasara yake mkononi namna hii."

Akafungua zipu. Akamtoa Mzee, akamweka kwenye kiganja cha Shazli, akaichukua noti. Alijaribu kuirudisha pale pale, Shazli akaficha mikono mgongoni kama mtoto. Ikishatoka imetoka.

"Na huyu mwenye jino?" Gudrun aliuliza, akimnyooshea kidole mjukuu.

"Mchukue, Bibi. Bure."

"Na yeye ni wa kweli?"

Shazli akafungua mdomo. "Bibi, huyu babu yangu alim..."

"Shazli!" Badawi alisema.

Akafunga mdomo. Gudrun akapanda ngazi huku anacheka, na mjukuu wa Gurna akaenda Ujerumani kukaa juu ya redio.

Kwenye kivuko cha kurudi, hata mama wa bata angekuwepo asingemkumbuka mtu wa mchana, maana huyu alihangaika zaidi. Alifungua gazeti, akaangalia chini ya mguu. Mpasuko mdogo wa Mzee, alama yake ya siku zote, upo. Moyo ukatua. Halafu ukaruka tena, kwa kuwa nani aliyewachonga wajukuu wote na mpasuko ule ule chini ya mguu, kwa kujisifu hakusahau kitu? Akanusa. Alinuka mafuta ya kujipaka ya Gudrun. Pale gatini vilikuwa viwili, mikono ilikuwa mingi, Badawi anavuta huku, honi kule. Gudrun kampa yupi, kaondoka na yupi? Alimgeuza Mzee, kama ni Mzee, mara hamsini kabla kivuko hakijagusa ng'ambo.

Nagat alikuwa mlangoni. Hakuuliza. Alipokea, akavua gazeti, akamlaza kwenye shavu lake, akafumba macho. Shazli alisogeza kiti, akasogeza jagi, akafukuza kuku ambaye hakuwepo.

"Nagat."

"Nyamaza."

"Ni yeye?"

"Nimesema nyamaza." Akamhamishia shavu la pili. "Ni yeye."

"Una uhakika? Maana mpasuko..."

"Baridi yake ilinipanda mpaka magotini nikiwa na miaka kumi na tisa. Mimi si mtalii, Shazli."

Habari ilivuka mto kabla ya kesho yake. Ijumaa asubuhi mabasi matatu yalipita mbele ya duka la shemeji na hakuna lililosimama, na shemeji akamwomba Shazli, kwa adabu, asisogee karibu na vyungu mpaka mambo yatakapokaa sawa. Muuza juisi ya rosela alimwamkia kwa mbali. Badawi alimtumia mtandio mmoja wenye alama ya kwato, na ujumbe kwamba ni wa Saadiya, na asidhani wamekuwa marafiki.

Baada ya swala Saadiya akaja. Alivaa viatu vya shuleni, akambusu baba yake mkono haraka, hakumtazama usoni. Hakuna aliyemwambia habari za gatini. Mlango ukafungwa, na Shazli akabaki nje.

Angeweza kukaa, benchi lilikuwepo. Akaenda kuangalia mbuzi. Akarudi kwa upande wa tanuri. Akapita chini ya dirisha, akasikia hatua moja, kitambaa kikiburuzika, kimya. Akaendelea mpaka kwenye ukuta wa jirani, akarudi upande wa mbele, akapita tena. Jirani aliyekuwa anaanika bamia juu ya paa ndiye aliyesema baadaye kwamba alimhesabu, na kwamba mwanaume yule alizunguka nyumba yake mara saba kamili, akasimama pale pale alipoanzia, akashangaa kwa nini ameishiwa pumzi.

Mlango ukafunguliwa. Saadiya alikuwa ameshika viatu mkononi, macho mekundu, na usoni kitu ambacho Shazli hakukijua bei yake. Alivuka kizingiti kwanza, kama inavyotakiwa, ndipo akafungua mdomo.

"Baba," alisema, "hebu kaa basi. Unanitia kizunguzungu."

Shazli akakaa. Saadiya akakaa pembeni yake, akaanza kuvaa viatu taratibu. Chini barabarani basi likatokea kona, refu, jeupe, limejaa vichwa vya kigeni, na safari hii likapunguza mwendo. Likapiga honi.

Goti la kulia la Shazli likaanza kuruka. Akalishika kwa mikono miwili, akaliminya chini, akaendelea kumtazama binti yake anavyofunga kamba.